Tulimngoja Aue Tena

Jamaa wa duka la muvi mtaani kwetu ana tabia moja: ukimwomba filamu iliyotengenezwa kabla hajazaliwa, anakutazama kwanza. Nilipomwambia aniwekee Psycho kwenye flashi, ile ya 1960 pamoja na muendelezo wake wa 1983, aliniuliza kama ni kazi ya shule. Nikamwambia shule niliacha. Akacheka, akapokea shilingi 50 zangu, na akaniongezea Psycho III bure kwa sababu, alivyosema, hakuna mtu mwingine angekuja kuiitisha.

Nilizitazama mbili za kwanza usiku mmoja na rafiki yangu tunayekaa naye ploti moja. Laptopu tuliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, taa tukazima kwa heshima ya Alfred Hitchcock na pia kwa sababu tokeni za stima zilikuwa zinakaribia kuisha. Ya kwanza ilipokwisha, rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hawa wazee walikuwa na akili mbaya." Kwake hiyo ni sifa kubwa. Ya pili ilipofika katikati, akaanza kuhangaika.

"Huyu msee ataua saa ngapi?"

Sikumjibu, maana nami nilikuwa nikijiuliza hilohilo. Mbele yetu kulikuwa na mtu aliyefungiwa hospitalini miaka 22, ametibiwa, amerudi nyumbani, amepata kazi jikoni, anajitahidi kushika kisu cha mezani bila mkono kutetemeka. Na sisi wawili, watu wazuri tu, tunaolipa kodi ya nyumba karibu kwa wakati, tulikuwa tumekaa gizani tukingoja aharibikiwe. Nimekaa na swali la rafiki yangu wiki kadhaa sasa na bado linaniwasha.

(Nitaeleza mwisho wa filamu zote mbili. Moja ina zaidi ya miaka 60, nyingine zaidi ya 40. Kama bado hujazitazama, pole, lakini hilo si kosa langu.)

Katika ile ya kwanza, Marion Crane, anayeigizwa na Janet Leigh, ni karani katika ofisi ya kuuza nyumba na mashamba mjini Phoenix, Arizona. Ana mpenzi, Sam, aliyelemewa na madeni hadi ndoa haiwezekani. Ijumaa moja mchana Marion anakabidhiwa dola 40,000 taslimu azipeleke benki. Hazipeleki. Anashika barabara kuelekea California, mvua inamkuta usiku, anaingia kwenye moteli yenye vyumba 12 na mgeni hakuna hata mmoja. Mwenye moteli ni kijana mwembamba, mwenye haya, jina lake Norman Bates, na mwigizaji ni Anthony Perkins. Norman anamwandalia sandwichi na maziwa katika chumba kilichojaa ndege waliokaushwa. Wanaongea. Katika maongezi yale Marion anaamua kwamba asubuhi atarudi kwao na kuzirudisha zile pesa. Kisha anaingia kuoga.

Kila mtu anajua kinachotokea bafuni, hata ambao hawajawahi kuitazama filamu yenyewe. Siku saba za kupiga picha kwa tukio lisilomaliza dakika moja. Vinanda vya Bernard Herrmann vinavyolia kama vinachinjwa. Damu ile ni sharubati ya chokoleti, maana filamu haina rangi na nani angejua? Hitchcock aliitengeneza kwa kama dola 800,000 tu, akitumia mafundi wengi wa kipindi chake cha televisheni, na akawaagiza wenye kumbi wasimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza. Ungechelewa, ungekaa ukimtafuta Janet Leigh ambaye ameshakufa.

Mimi hukaa zaidi na kile kinachofuata. Norman anaingia, anaiona maiti, anajiziba mdomo. Tunaamini aliyeua ni mama yake, yule mwanamke mkali tuliyemsikia akifoka kule kwenye nyumba ya juu. Norman anaanza kusafisha, na Hitchcock hana haraka. Anapangusa sakafu, anaviringisha maiti kwenye pazia la bafu, anaitia kwenye buti ya gari la Marion pamoja na mizigo yake na gazeti ambalo, bila yeye kujua, lina zile dola 40,000 ndani yake. Analisukuma gari kwenye kinamasi. Linaanza kuzama. Kisha linakwama, paa likiwa bado linaonekana. Norman, ambaye alikuwa akitafuna kitu, anaacha kutafuna. Anatazama kushoto na kulia. Na wewe uliyekaa hapo, uliyekuwa ukimhurumia Marion muda mfupi tu uliopita, unabana pumzi ukiomba gari lizame.

Linazama. Unashusha pumzi. Hapo ndipo Hitchcock anapokukamata, na sidhani kuna tukio la kisu linalotisha kama hilo. Amekuonyesha kwamba huruma yako haina msimamo. Inamfuata yeyote aliye mbele yako akiwa na shida: kwanza mwizi wa kike aliyejuta, kisha kijana anayeficha maiti. Hakukuuliza ruhusa.

Ila mwishoni, kwa maoni yangu, anatuachilia. Tunagundua kuwa mama alikufa miaka kumi nyuma, Norman ndiye aliyemtilia sumu pamoja na mpenzi wake, akauiba mwili, akauhifadhi, na anapoua huwa amevaa nguo zake. Daktari wa akili anasimama katika ofisi ya polisi na kutupa mhadhara mrefu ambao wapenzi wengi wa filamu hii huulaumu kwa uchovu wake. Mimi nina lawama nyingine. Daktari anasema kwamba Norman hayupo tena, amebaki mama peke yake. Kisha tunaonyeshwa mtu aliyefunikwa blanketi, nzi mkononi mwake, sauti ya mama kichwani. Hilo linatusaidia sana sisi watazamaji. Kama Norman hayupo, basi hakuna mtu wa kumsamehe, hakuna wa kumwogopa kesho, hakuna wa kumpa kazi. Swali limezikwa pamoja na gari, na tunaenda kulala.

Psycho II inalifukua.

Iliongozwa na Richard Franklin, Mwaustralia aliyempenda Hitchcock kupita kiasi, na ikaandikwa na Tom Holland. Hitchcock alikuwa amefariki mwaka 1980. Robert Bloch, mwandishi wa riwaya ya kwanza ya 1959, alikuwa ameandika riwaya yake mwenyewe iitwayo Psycho II, lakini filamu haikufuata hadithi yake. Inaanza kwa kuturudishia tukio la bafu, lilelile, bila rangi. Halafu mbele ya ile nyumba ya kilimani picha inaingia rangi polepole na tunajikuta miaka 22 baadaye. Mahakama imeamua kwamba Norman amepona. Mwanamke mmoja anasimama akipinga, ana karatasi zenye sahihi za mamia ya watu. Huyo ni Lila, dada yake Marion, sasa Bi. Loomis kwa kuwa aliolewa na yule Sam. Ni Vera Miles yuleyule wa 1960, amezeeka kidogo, macho makali.

Nataka kumtendea Lila haki, kwa sababu filamu mara nyingine haimtendei. Dada yake alichomwa kisu akioga. Anayesema ameshapona hakuwa yeye, ni watu wenye vyeti. Hasira yake ni halali, na ile karatasi yake ya sahihi hata mimi ningeitia mkono kama Marion angekuwa dada yangu. Wamarekani walioketi ukumbini Juni 1983 hawakuhitaji kuelezwa hasira hiyo. Mwaka mmoja kabla, Juni 1982, baraza la mahakama lilimwona John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Ronald Reagan na watu wengine watatu, kuwa hana hatia kwa sababu ya wazimu. Nchi iliwaka moto. Mwaka 1984 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuubana utetezi wa aina hiyo. Hinckley alikaa hospitalini miaka mingi, na masharti yote yaliondolewa Juni 2022, akiwa na miaka 67. Alikuwa amepanga kuimba kwenye ukumbi mmoja wa Brooklyn. Watu walipiga kelele, ukumbi ukafuta onyesho.

Huku kwetu mambo hayana tofauti kubwa. Sheria yetu ya kesi za jinai kwa miaka mingi ilisema kwamba mtu aliyetenda kosa akiwa na wazimu ana hatia lakini ni mwendawazimu, na awekwe kwa radhi ya Rais. Maana yake ni kukaa bila tarehe ya kutoka. Mahakama Kuu imewahi kusema kuwa hilo linakwenda kinyume na Katiba. Lakini hata sheria ikibadilika mara kumi, bado kuna siku yule mtu atashuka kwenye matatu pale stejini na begi lake, na majirani watamwona.

Norman analetwa kwa gari na daktari wake mpaka kwenye nyumba ileile, pembeni ya moteli ileile. Daktari anaondoka. Perkins ana miaka 51 wakati huo, na mwili wake unafanya kazi ambayo maneno hayawezi: anapita vyumbani kama mgeni anayeogopa kuvunja vyombo vya watu. Anaanza kazi ya kusaidia jikoni katika mkahawa. Huko kuna mama mmoja mzee mpole, Bi. Spool, na msichana mhudumu, Mary. Norman anamkaribisha Mary akae kwake kwa kuwa hana pa kulala. Anataka kumtengenezea sandwichi. Anahitaji kisu. Neno lenyewe linakwama mdomoni. Mary naye anakitazama kile kisu, na kwa sekunde chache hakuna aliye na hatia jikoni mle, kuna watu wawili tu wanaoogopa kitu kimoja.

Mle jikoni kuna filamu nzima. Ningefurahi kama ingebaki humo.

Lakini vikaratasi vinaanza kuja. Vimewekwa pale mkahawani panapowekwa oda za wateja, vimeandikwa na "Mama". Simu inalia nyumbani, anayepiga ni "Mama". Chumba cha marehemu kilichokuwa tupu kinaonekana kimepangwa kama zamani, kisha kinarudi kuwa tupu. Mwanamke anasimama dirishani. Norman anakimbia ngazi juu, hakuna mtu. Anaanza kujitilia shaka. Na sisi tunaanza kufurahi, maana sasa muvi imechangamka.

Kumbe ni Lila. Mary ni binti yake, amepachikwa mkahawani kwa kazi hiyo. Mama na binti wana nguo za marehemu, wana sauti yake, wana mpango: kumsukuma Norman mpaka akili irudi kule ilikotoka, ili afungiwe tena.

Fikiria Lila anafanya nini hasa. Anatafuta mavazi ya filamu ya kwanza. Anampa binti yake nafasi ya mama. Anaandika maneno ya kusema. Anapanga nani asimame dirishani na saa ngapi. Lila anaongoza Psycho II! Anatengeneza muendelezo kwa mikono yake, kwa sababu hawezi kukubali kwamba hadithi ile imekwisha bila yeye kupewa haki. Na mimi na rafiki yangu, tulioketi mbele ya ndoo tukiuliza ataua saa ngapi, tulikuwa wateja wake.

Ndiyo maana naona filamu ya kutisha yenye sehemu ya pili si kitu cha kawaida katika hadithi. Muendelezo wa filamu ya mapenzi unaweza kutuuliza kama ndoa ilidumu, tukaridhika na jibu lolote. Muendelezo wa filamu ya muuaji unaye mteja aliyelipa kwa jibu moja tu. Norman akibaki mzima mpaka mwisho, akalipa bili zake, akazeeka akipika mayai, watu watadai pesa zao. Biashara yenyewe inauza kurudia ugonjwa. Psycho II ilitengenezwa kwa dola kama milioni 5 na ikaingiza zaidi ya milioni 30 huko Marekani. Kila dola ile, hata ile ya mtu mpole kabisa, ilikuwa sahihi moja zaidi kwenye karatasi za Lila.

Hapa inabidi niseme jambo langu, kwa sababu nimekuwa nikimzungumzia Lila kana kwamba simfahamu.

Nilikulia kwenye senta ndogo ya soko. Tulikuwa na jirani, fundi wa redio. Aliwahi kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili kabla sijawa na akili ya kukumbuka. Wengine walisema alimkata kaka yake kwa panga, wengine walisema yeye ndiye aliyekatwa. Alirudi nilipokuwa darasa la tano. Akafungua kibanda chake upya, redio zikaanza kumrudia moja moja, kwa kuwa fundi mwingine alikuwa mbali na pia alikuwa mwizi wa spea. Mchana alikuwa mtu wa kawaida, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ukimpelekea redio alikuambia urudi kesho, na kesho ilikuwa tayari.

Usiku sisi watoto tulikuwa na mchezo. Tulijificha nyuma ya ua wa michongoma na kurusha vijiwe juu ya mabati yake ili tusikie atasema nini. Mwanzoni hakusema chochote. Tukaleta mawe makubwa kidogo. Bado kimya. Basi mmoja wetu akabuni la kumwita kwa jina la yule kaka yake, kwa sauti nzito, polepole, kama mtu anayeita kutoka mbali. Siwezi kusema ni nani aliyebuni. Najua niliifanya ile sauti vizuri kuliko wengine.

Ilichukua karibu muhula mzima. Usiku mmoja alitoka na kipande cha chuma, hakutuona, akamkuta mtu mzima aliyekuwa akipita njia yake kutoka kilabuni, akampiga begani. Asubuhi gari lilikuja. Watu walijaa barabarani, wakitikisa vichwa. "Si tulisema?" Kila mtu alikuwa amesema. Hakuna aliyeuliza habari ya mawe, na mabati hayana mdomo. Nilikuwa na miaka 11. Aibu ilikuja, ndiyo, lakini ilikuja baadaye. Kitu cha kwanza nilichohisi asubuhi ile ilikuwa raha: kumbe ni kweli, kumbe alikuwa vile tulivyosema.

Nilipomwona Mary dirishani amevaa nguo za mama, niliisikia sauti yangu.

Sasa najua mtu atanijibu: rahisi kusema hivyo ukiwa kwenye laptopu. Wewe ungempeleka dada yako akalale kwenye moteli ya Norman? La, nisingempeleka. Sioni kwamba woga wa jirani ni dhambi. Mtu aliyeua watu kadhaa anaporudi, majirani wana haki ya kufunga milango, kuuliza maswali, kutaka daktari aje kila wiki, kutotaka kabisa kuwa marafiki. Hata Norman mwenyewe anajiogopa, ndiyo maana kile kisu kinamshinda. Kama ningekuwa mama wa yule mtu aliyepigwa chuma begani, nisingekuwa na hamu ya kusikia falsafa.

Ila kuna mambo mawili ambayo kwa nje yanafanana na ndani ni mbali kabisa: kuogopa kwamba mtu atarudia, na kutaka arudie. Anayeogopa, kila siku inayopita salama inampunguzia mzigo. Mwaka wa tano bila tukio, anaanza kulala. Anayetaka arudie, kila siku salama inamwongezea hasira, kwa kuwa inampokonya kitu. Jaribu kumfikiria Lila miaka 20 mbele, Norman bado yuko mkahawani, bado anakata nyanya, hajamgusa mtu. Angefurahi? Nadhani angekufa kwa uchungu. Uhai wake wote umesimama juu ya ubaya wa mtu mwingine, na ule ubaya ukiondoka hana pa kukanyaga.

Na mtu anaweza kuhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kujua. Lila alianza kama mwenye kuogopa. Mimi pia, nadhani. Mara ya kwanza nilipopita karibu na kibanda cha fundi nilikimbia.

Mary peke yake ndiye anayerudi nyuma. Anakaa na Norman, anakula naye, anamwona akihangaika, na mwisho anamwambia mama yake kwamba hataendelea. Sielewi kwa nini watu hawamzungumzii zaidi Meg Tilly katika nafasi hii. Anacheza msichana anayegundua polepole kwamba yuko upande usio wake. Lakini ameshachelewa, na filamu inamwadhibu vibaya kuliko wote. Lila ameuawa chini ya nyumba. Daktari wa Norman anakufa kwa mkono wa Mary mwenyewe, kwa hofu na bahati mbaya, akiwa amevaa zile nguo. Anapoiona maiti ya mama yake chini ya rundo la makaa, anaamini Norman ndiye aliyemuua, anainua kisu, polisi wanampiga risasi. Kisha wanaamua kwamba yeye ndiye alikuwa muuaji muda wote, na wanafunga faili. Watu walewale waliokuwa na uhakika juu ya Norman sasa wana uhakika juu ya Mary. Uhakika wenyewe haukupotea, ulihamia jina jingine tu.

Aliyeua, kwa sehemu kubwa, ni yule mama mpole wa mkahawani. Bi. Spool anakuja usiku kwa Norman, anaketi, anamwambia kuwa yeye ndiye mama yake mzazi, yule mwingine alikuwa dada yake tu aliyemlea, na kwamba amekuwa akiwaondoa wote waliotaka kumdhuru mwanawe. Mpaka hapo, katika filamu nzima, Norman Bates hajamuua mtu hata mmoja. Inafaa ukae kidogo na hilo. Karibu saa mbili tumemwangalia kama chui, na damu yote imemwagwa na watu wanaoitwa wazima.

Norman anampa chai yenye sumu. Bi. Spool anakunywa. Kisha, kwa kuwa sumu ni ya polepole na filamu ina haraka, Norman anachukua sepetu na kumpiga kichwani.

Rafiki yangu alipiga makofi. "Sasa ndiyo hiyo!" Nami nilicheka. Ni tukio zuri, siwezi kukataa, linakuja ghafla na lina uchekeshaji wake mbaya. Norman anaibeba maiti ngazi juu akiongea nayo, sauti ya mama inarudi, na picha ya mwisho ni yeye amesimama nje mbele ya ile nyumba, mama dirishani.

Basi ipi ni bora? Swali la duka la muvi, na nina jibu la duka la muvi: ya kwanza. Hakuna picha moja ndani yake isiyo na kazi. Ya pili ina mafumbo mengi mno, ina vijana wanaoingia kisirisiri chini ya nyumba ili mmoja wao auawe kwa sababu ilikuwa enzi ya Friday the 13th na watu walitaka damu, na Bi. Spool anatolewa mfukoni kama shangazi anayejitokeza siku ya kugawa shamba. Halafu kuna ile sepetu. Baada ya kutuonyesha kwa uvumilivu wote kwamba Norman aliharibiwa na waliotaka aharibike, filamu inampa silaha mkononi na kumrudisha kwenye kazi yake ya zamani. Mwisho wa yote, filamu yenyewe inatia sahihi kwenye karatasi za Lila.

Hata hivyo, ile ya kwanza nikiitazama naivutia kofia na kulala. Hitchcock alinionyesha kwamba naweza kumhurumia mtu mbaya, na hilo ni jambo la kujisifia kidogo, unajiona una moyo mpana. Franklin, labda bila kukusudia kikamilifu, alinionyesha kwamba mtu akijaribu kuwa mwema mbele yangu nachoka haraka. Hilo la pili sina pa kulipeleka.

Namfikiria pia Perkins. Kabla ya 1960 alikuwa ameshateuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya Friendly Persuasion, kijana aliyetabiriwa makubwa. Baada ya Norman alifanya kazi nyingi nzuri, lakini watu walipomwona walimwona Norman. Alirudi kwenye ile nyumba mwaka 1983, akarudi tena 1986 na safari hiyo akaiongoza mwenyewe, akarudi kwa mara ya nne 1990 kwenye televisheni, miaka miwili kabla hajafa. Nilipoacha chuo nilirudi nyumbani miezi mitatu, na kila aliyenisalimia alikuwa na jicho fulani, kama anayengoja kuona nitaanza lini kunywa. Haikuwa adhabu kubwa. Ila nilianza kujua saa wanazopita, na kukaa ndani saa hizo.

Fundi wa redio sijui yuko wapi. Niliwahi kumuuliza mama kwa simu, akasema nani huyo, kisha akasema aah, yule mwendawazimu, akaingia habari nyingine.

Juzi rafiki yangu aliniuliza kama bado nina ile ya tatu, akitaka tuimalizie. Ipo kwenye flashi. Nilimwambia laptopu haina chaji.